Miguu ya Kitinda na Mikono Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Daftari langu, hujambo? Sisi hatujambo. Baba yao hajambo, ila mgongo. Kitinda, binti yangu wa mwisho, hajambo, ila miguu tangu augue. Wifi yangu hajambo, tena mdomo ndio mzima kabisa. Mimi sijambo, ila roho juu juu.

Leo hospitali wamemwazima Kitinda vifaa vya kushikilia miguu. Vyepesi! Vinafungwa goti hadi kifundo, ndani vina vibandiko vya umeme mdogo. Akiyumba, vinaushtua msuli, mguu unakaza. Aliyebuni hivi apewe ufalme! Fundi mkuu wa karakana ya cherehani, alikoomba kazi, kasema atamtazama Ijumaa. Akisimama mwenyewe kwenye meza ya kukatia nguo, kazi yake ipo. Asipoweza, anachukua mwingine.

Jumanne, tarehe 4
Wifi kasema nitamkaanga mtoto wa watu. Nikavivaa mimi kwanza, nimkomeshe. Nikajiyumbisha makusudi. Lo! Msuli ukaruka, nikasimama wima kama mlingoti. Wifi akatimka na kiatu kimoja. Raha iliyoje!

Jumatano, tarehe 5
Balaa. Kitinda anatembea, vifaa kimya! Nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, ninafoka: vimekufa hivi! Akataka kuona. Kitinda akatembea, mimi nyuma nimeshika gauni lake, kama kawaida. Mtaalamu akacheka mpaka akakaa chini. Eti vifaa vizima, mbovu ni mama: vinangoja binti ayumbe, nami simpi nafasi. Kitinda naye akaniomba, Mama, niachie niyumbe kidogo. Kidogo! Huyu kazaliwa na nani?

Ijumaa, tarehe 7
Fundi mkuu kanitoa nje, kafunga mlango. Nikachungulia dirishani. Kitinda akashika mkasi. Akayumba. Nikapiga yowe. Akakaa sawa, peke yake, akakata suruali nzima bila kushika meza. Mwanangu! Kazi kapata. Nililia mpaka fundi akaniletea kiti.

Jumapili, tarehe 9
Nimeelewa. Simshiki tena, basi. Ila leo, alipolala mchana, nimeshona kitanzi kiunoni mwa kila gauni lake, kwa nyuma, hakionekani. Mfagiaji wa karakana nimeshamwelekeza: Kitinda akiyumba, adake hapo. Kisha aniletee habari upesi, asingoje hata kuweka ufagio chini.