Matubwitubwi ya Samaki wa Karema

Mpanda,
Agosti 1955.

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Telesphor,
Karema.

Baba Mkwe,

Shikamoo. Naitoa nikiwa nimesimama, kofia mkononi, ingawa hunioni. Sisi huku ni wazima, isipokuwa samaki wako. Nakuandikia kwa adabu zote zinazompasa mtu aliyepewa mke, na adabu hizo zikiisha katikati ya barua, tafadhali kumbuka kwamba mwanzoni zilikuwepo.

Unajua kwamba Bwana Daktari alipokwenda likizo aliniachia lile sanduku lake la kioo la kufugia samaki. Alisema mbele ya watu: akirudi akiwakuta wote wazima, atanipeleka Tabora kusomea uganga, akikuta hata mmoja amekufa, nitabaki dresa wa kufunga vidonda mpaka nizeeke. Nawe kwa ukarimu wako ukaniongezea samaki mmoja wa ziwani, akaja ndani ya debe kwa lori la Cletus. Asante sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Samaki wako ana matubwitubwi. Mashavu yamevimba, kinywa kakifunga, chakula hataki, kajibanza nyuma ya jiwe kama mwenye deni. Nilimpima homa, nikamkuta baridi kama maji yenyewe, na katika kazi yangu sijaona mgonjwa wa baridi kiasi hicho akapona. Nimemtenga kwenye karai, barazani mwa chumba changu cha kufungia vidonda, nimemtilia chumvi kidogo, na mlangoni nimebandika tangazo kwamba watoto wasiingie, maana ugonjwa huu unaambukiza. Wagonjwa waliotoka Kakese kwa miguu walilisoma tangazo, wakanitazama, kisha wakahamia foleni ya mwenzangu. Haya, waende.

2. Nilipokutumia habari hii kwa mdomo wa Cletus, ulijibu maneno matatu: "Hana ugonjwa, mwache." Maneno matatu, Baba, kwa mtu mwenye cheti! Cletus anasema ulicheka mpaka ukakaa chini mchangani. Kumbe nilipoteza bure miaka yangu kwenye madaftari. Ningekuja kwako nikavua dagaa, leo ningekuwa daktari bingwa.

3. Sasa binti yako. Kabla hajaja huko, Specioza naye alikataa chakula. Asubuhi ananuna, mchana analala, na nikikaanga samaki anatoka nje mbio ameziba pua. Nilimpima, homa hana. Nikaamua ni minyoo, nikampa dawa, akaimwaga kwenye mchicha. Mchicha, nakuarifu, umestawi. Jioni moja akaja kukaa karibu nami, akaanza, "Mume wangu, nina neno." Nikamwambia kwanza afungue kinywa nimtazame ulimi. Akaniangalia weee, akasema, "Mtibu samaki wako." Kesho yake akapanda lori. Kusema kweli, Baba, nyumba bila yeye haikaliki. Ugali napika mwenyewe, na ni mabonge matupu. Lakini hilo si lalamiko, nimeteleza tu.

4. Mama Mkwe Theopista naye ametuma salamu kwamba Specioza hana ugonjwa. Samaki hana, binti hana! Nyie huko Karema, kuna mtu aliyewahi kuugua tangu mzaliwe? Au hospitali zilijengwa kwa ajili yetu sisi wa huku tu?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, ziwa lifungwe upande wenu mpaka mashavu ya samaki yanywee. Kila samaki afunguliwe kinywa na kukaguliwa kabla ya kuuzwa, na mkaguzi niwe mimi. Tena Specioza arudi na karatasi yenye dole gumba lako, ikikiri kwamba samaki ana matubwitubwi na kwamba mume wake akiuona ugonjwa anaujua. Bila karatasi hiyo asirudi. Nimeandika hivyo kwa uchungu, lakini nimeandika.

Nisalimie Mama Mkwe, mashemeji wote, na wale waliokuwa ufukweni siku ile wakicheka pamoja nawe, mmoja mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mkweo mtiifu, niliyetukanwa na bado nakuheshimu,
Apolinari, Dresa.

Nyongeza: Baba, bahasha sijaifunga. Nimekwenda kumtazama mgonjwa, nikamkuta amefumbua kinywa, vinatoka vitu vidogo vidogo, vingi. Nikasema, ahaa, minyoo! Nikainama niione vizuri. Minyoo ile ina macho, Baba, na mikia. Kivuli changu kilipoiangukia, yote ikakimbilia kinywani mwa mama yake, naye akafunga, akabaki kunikodolea macho. Nimekaa chini palepale barazani. Nimemfikiria Specioza, ule usingizi wake wa mchana na ile harufu ya samaki, na lile neno alilotaka kuniambia mimi nikamwomba ulimi. Ee Mungu wangu, Baba! Mimi ni mjinga, na cheti ninacho. Karatasi ya dole gumba usihangaike nayo. Bwana Daktari anarudi kesho kutwa, lakini mimi naondoka na lori la kesho, barua hii nikuletee mwenyewe. Akinikosa, basi na Tabora inikose. Mwambie Specioza sitampima kitu. Nitakaa mlangoni kwenu mpaka atakapotaka mwenyewe kuniambia.