Mchuzi wa Kithai Kutoka Magongo

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimekuwa mpishi wa meli. Asubuhi nilikuwa Nicanor wa Magongo asiye na kazi. Mchana, mbele ya Bwana Hashim, msimamizi wa kantini ya kiwandani, nikajikuta nasema nimezunguka dunia nikiwapikia mabaharia. Ulimi huu! Meli nazijua kwa kupakua makontena tu. Lakini kuna wageni wanakuja kutoka Thailandi kufunga mashine, wanataka chakula cha kwao, na kantini inatafuta mpishi wa kudumu. Wa kudumu! Majaribio ni Ijumaa: mchuzi wa nazi wa Kithai. Nikasema huo naupika nikiwa nasinzia.

Nimemweleza mke wangu, Philister. Hakufurahi, hakugomba. Ameniomba tu safari hii nisiharibu, maana amechoka kuwafulia watu nguo na mgongo unamuuma. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 8 Julai

Msiba! Nyamvula naye anajaribiwa. Nyamvula wa mlango wa pili, Mgiriama, muuza mahamri na mbaazi. Apike Kithai, mtu ambaye hajatoka Pwani maisha yake yote! Mimi angalau nimetoka Siaya.

Akanisalimu vizuri, akasema, Baba Brandon, ukikwama kwenye nazi niulize, usione haya. Haya ya nini? Nikamjibu kwamba kwenye meli yetu nazi zilikunwa kwa mashine. Akasema ehee. Hiyo ehee inanikera mpaka sasa.

Jumatano, 9 Julai

Ukweli nauandika hapa tu: nazi naijua ikiwa sahanini. Kwa hiyo nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia juu ya ukuta. Nyamvula alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, anakuna. Akatia maji, akafikicha, akakamua kwa kifumbu. Chini yakashuka maji meupe, ndani ya kifumbu yakabaki machicha. Sasa kinachopikwa ni kipi? Hapo hapo ndoo ikapinduka. Nikaangukia kamba ya nguo za wateja wa Philister. Amezifua upya. Nilimsaidia kuzikamua.

Si kitu, akili ninayo. Kwetu mboga ya osuga huchemshwa, maji yenye uchungu yakamwagwa, majani yakaliwa. Nazi ni hivyo hivyo. Kumbe Nyamvula alikuwa anaiosha!

Alhamisi, 10 Julai

Simu inasema Wathai hutia mchuzini maji ya samaki waliochacha. Sokoni wamenicheka. Nikachemsha omena, dagaa wa kwetu, na chumvi nyingi, nikachuja. Nyumba nzima inanuka. Wapangaji wamelalamika. Wasanii hawaeleweki.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeosha nazi mpaka maji yakatoka safi. Yale meupe yote nikamwaga mtaroni. Paka wa kantini akayanywa bila kuinua kichwa. Nikamhurumia, mnyama mwenye njaa. Nyamvula akaniona, akafungua mdomo. Nikamwonyesha kiganja, asiniingilie. Mchaichai, tangawizi, pilipili, maji yangu ya omena, machicha. Tayari!

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akanusa bakuli, akafumba macho. Mkalimani akasema amekumbuka jiko la mama yake. Moyo uliniruka! Kisha akatafuna. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Bwana Hashim naye akaonja, akaniuliza kwa upole kama kwenye meli yetu kulikuwa na kuku. Nikasema walikuwepo. Akasema basi, ndugu yangu, wallahi, umetupikia chakula chao.

Kazi kapewa Nyamvula. Nilipofika nyumbani Philister alikuwa amevaa gauni la kanisani, ananingojea. Niliona aibu, nikakaa nje.

Jumamosi, 12 Julai

Nyamvula kaja. Nilijificha, Philister akanitoa. Kumbe Nyamvula amemwambia Bwana Hashim kwamba mchuzi wake ulikosa ile harufu iliyompendeza mgeni, kwa hiyo anataka msaidizi wa kukuna nazi na kutengeneza maji ya omena. Msaidizi ni mimi! Akanifundisha pale pale: yale maji meupe ndiyo tui, na tui zito huingia mwisho. Machicha ni ya kuku. Hakucheka hata kidogo. Nilitamani acheke.

Philister alilia, akacheka, akalia tena. Amewaambia wateja wakatafute mfuaji mwingine. Nami nimeapa: kuanzia leo, nisichokijua nitauliza.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kwanza. Nina kofia nyeupe! Bwana Hashim akaingia jikoni akiuliza nani anajua ile kabichi ya Wakorea ya kuchachishwa, maana mwezi ujao wageni ni wao. Nyamvula akasema hajui, atauliza. Masikini, hana ujanja. Mkono wangu ulikuwa juu tayari. Nikasema nilikaa Korea.

Nimenunua kabichi za kutosha. Nasikia zinataka joto na giza, kwa hiyo nimezifunga ndani ya ndoo ya kufulia na kuisukuma chini ya kitanda, upande wa Philister. Bado hajaiona. Ameenda kwenye jumuiya ya kanisa kutoa ushuhuda kwamba mume wake amebadilika.