Ekseli ya Milimita Ishirini

Jumatatu, 8 Septemba

Kiwanda cha sabuni kimeleta mashine mpya sita za kukereza chuma. Watakaofaulu mtihani wa Ijumaa watakabidhiwa. Watakaoshindwa watarudi kubeba makatoni. Mimi! Fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi kwa miaka ishirini na miwili, ninayepima kwa kidole gumba! Mwalimu Rénovat kasema kidole gumba hakimo kwenye orodha ya vifaa. Nyumbani, mke wangu Khadidja ameshawatangazia majirani kwamba nimefaulu.

Jumatano, 10 Septemba

Mtihani wenyewe: kukereza ekseli ya chuma, unene milimita ishirini, kosa lisifike hata unene wa unywele. Anayetushinda wote ni Dévote, binti wa mtaa wa Musaga, mashine yake iko jirani na yangu. Nimeamua: nitabadilisha ekseli yangu na yake. Lakini lazima zifanane. Basi nimemchunguza siku nzima. Anavyoshika kipimo, anavyosoma ile mistari midogo, anavyopunguza chuma kidogo kidogo. Nimeiga kila kitu. Akaniuliza kama Papa Massoudi amepoteza kitu usoni pake. Darasa zima likacheka. Wacheke!

Ijumaa, 12 Septemba

Tumemaliza saa tano. Kila ekseli kwenye kisanduku chenye jina la mwenyewe. Rénovat akavikagua, wote wakaenda kula. Nikabaki. Nikazipima zote mbili. Yake: ishirini kamili. Yangu: ishirini kamili! Nimerudia mara tano. Kipimo kibovu, hakuna maelezo mengine. Nikabadilisha, nikakimbilia sala ya Ijumaa. Nimeomba msamaha, kwa ufupi.

Jumatatu, 15 Septemba

Balaa! Rénovat katangaza kwamba Ijumaa, kabla hatujaenda kula, aliipiga picha kila ekseli. Kila mashine huacha mikwaruzo yake, kasema. Isiyolingana na picha, mwenyewe anafukuzwa. Nikawaza makatoni. Nikawaza majirani. Rénovat akaitoa ekseli ya kisanduku changu, akaigeuza, akatazama simu, akaigeuza tena. Kisha akasema inalingana, vipimo sawa, Massoudi amefaulu. Nikakaa. Kiti hakikuwepo. Alhamdulillahi!

Mlangoni Dévote, naye kafaulu, akanivuta pembeni.

"Mi niliona yote, Papa Massoudi. Ulipoenda musikiti, nikarudisha kila moja mu kisanduku yake. Yako ilikuwa muzuri. We ulikuwa unaiba nini sasa?"

Jumanne, 16 Septemba

Nimelala kama mtoto mchanga. Asubuhi nimeyapima maneno ya Dévote. Binti ana roho nzuri, anataka niamini ile kazi ni ya mikono yangu. Ukweli ni kwamba simu ya Rénovat haipigi picha vizuri.

Leo wameandikisha watu wa daraja la pili: kuchora vipuri kwa kompyuta. Nimejiandikisha. Nikamuuliza Dévote atakaa wapi, nikaweka koti langu kwenye kiti cha jirani. Safari hii nitamwibia kwa makini zaidi.