Mazoezi ya Kufundisha Yasiyosumbuliwa na Wanafunzi

Baada ya utafiti wa miaka minne, Idara ya Maandalizi ya Walimu ilitangaza kwa furaha na unyenyekevu kwamba chanzo cha kuharibika kwa masomo shuleni hatimaye kimepatikana. Chanzo hicho ni wanafunzi.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Idara mwenyewe, katika ukumbi wa chuo cha ualimu, mbele ya wanachuo mia mbili waliokaa kimya kama walivyoelekezwa kwenye barua ya mwaliko. Takwimu zilikuwa wazi. Andalio la somo ambalo mezani halina kasoro huvurugika mara tu linapokutana na watoto. Mwanachuo ameandika vizuri kabisa kwamba dakika ya kumi na mbili mwanafunzi atajibu "Ndiyo, mwalimu". Mwanafunzi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mambo haya, alisema Mkurugenzi, hayavumiliki kwa taifa lolote lenye malengo. Kuanzia muhula huo, mazoezi ya kufundisha yangefanyika bila wanafunzi.

Ukumbi ulipiga makofi. Makofi nayo yalikuwa kwenye barua ya mwaliko, sekunde ishirini.

Katika safu ya nne alikaa mwanachuo wa mwaka wa tatu ambaye wenzake walimwita Dada Robo, kwa kuwa katika hesabu hakupenda kufundisha kitu kingine zaidi ya sehemu: nusu, theluthi, robo na ndugu zao. Kazi zote za kozi alikuwa amezimaliza, ikiwemo insha ya kurasa thelathini juu ya mwelekeo sahihi wa kufuta ubao. Lakini mazoezi ya kufundisha alishaanguka mara mbili, na mara zote mbili kwa kosa lile lile: mtoto aliuliza swali lisilokuwemo kwenye andalio, naye akalijibu. Kanuni zilisema anayeanguka mara ya tatu afutwe chuoni na asisimame tena mbele ya ubao maisha yake yote. Yeye hakuwahi kutaka kazi nyingine tangu akiwa na miaka saba.

"Safari hii hakuna mtoto wa kukuponza," jirani yake alimnong'oneza. "Shukuru."

Akajaribu kushukuru.

Shule aliyopangiwa ilikuwa na mwalimu mkuu mpole, mwembamba, aliyezoea nyaraka kama wengine walivyozoea maumivu ya mgongo. Alimpokea mlangoni na kumpeleka moja kwa moja darasa la nne. Ndani kulikuwa na viti arobaini vilivyopangwa sawasawa. Kila kiti kilifungiwa kadi kifuani, kama kiti kina kifua, na kila kadi iliandikwa: NIMEELEWA, MWALIMU.

"Na watoto wako wapi, mwalimu mkuu?"

"Wako nje uwanjani. Nimewaambia watulie, elimu iendelee."

"Watakaa nje wiki tatu?"

"Mwalimu, mimi na waraka hatubishani. Juzi umekuja mwingine unaotaka madawati yaimbe wimbo wa shule. Nimeujibu kwamba yanafanya mazoezi."

Nyuma ya darasa aliketi mkufunzi kutoka chuoni, mzee wa makamo mwenye penseli iliyochongwa pande zote mbili. Huyu ndiye angempima. Alimweleza utaratibu kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mpole, tatizo ni kwamba upole wake haukuwa na sehemu ya kuandikwa kwenye fomu. Mwanachuo anaanza na alama mia. Akimjibu mtu yeyote asiyesajiliwa kama kiti, anapoteza alama tatu kwa kila jibu. Alama ya kufaulu ni nusu.

"Nusu ni hamsini," akaongeza, ili pasiwe na malalamiko baadaye.

Siku ya kwanza alifundisha vizuri mno. Aliita majina ya viti, vyote vikawepo. Mahudhurio yakawa asilimia mia, rekodi ambayo shule hiyo haikuwahi kuiota. Aliuliza maswali, akasubiri sekunde tatu kama ilivyoandikwa, akavipongeza viti kwa majibu yao. Mkufunzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ila dirisha la darasa lile halikuwa na kioo, na kufikia dakika ya ishirini kizingiti chake kilikuwa kimejaa viwiko na videvu.

"Mwalimu," kilisema kidevu kimoja, "theluthi maana yake nini?"

Dada Robo alitazama ubao. Alitazama andalio lake. Alijibana kama mtu anayebana chafya, na kama chafya, jibu likatoka.

"Toa tatu," mkufunzi alijiambia kwa masikitiko, akaandika.

Ikawa hivyo kila siku. Alijiapiza asubuhi, akavunja kiapo mchana. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu alikuwa amejibu maswali kumi na sita, na zilibaki alama hamsini na mbili, na kipindi kimoja tu. Kipindi hicho, barua ilisema, kingehudhuriwa na Mkurugenzi mwenyewe.

Jioni ile mama yake, fundi cherehani, alikuwa anatia pindo suruali huku akimsikiliza. Alisikiliza yote bila kuinua mguu kwenye pedali. Halafu akainua.

"Hebu nielewe vizuri, mwanangu. Watoto wako nje."

"Ndiyo, mama."

"Na viti viko ndani vinafundishwa."

"Ndiyo, mama. Ni utaratibu mpya."

"Mimi nikishona nguo nikauvalisha mwiko, halafu mteja nikamwacha nje uchi, watu wataniita fundi?"

"Mama, nikijibu swali moja tu kesho, nimekwisha. Nabaki na arobaini na tisa."

Mama alikata uzi kwa meno. Alitaka kusema kitu kikali, akakimeza, kwa kuwa alimwona mwanawe macho yamejaa. "Basi kesho ziba masikio," akasema. "Kipindi kimoja tu. Ukishapata cheti chako, utajibu mpaka wachoke."

Kesho yake Dada Robo aliziba masikio, kwa maana ya moyoni. Mkurugenzi alifika na karani wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila neno linalotoka kinywani mwa Mkurugenzi, kwani neno la Mkurugenzi likishaandikwa na karani huitwa tamko, na tamko ni sheria. Mkurugenzi alikagua viti, akakipiga kimoja begani kwa upendo, akaketi.

Somo lilikwenda kama maji. Dakika ya kumi, safi. Dakika ya ishirini, safi. Dakika ya thelathini na moja, dirishani, msichana mmoja mwenye pengo la meno mawili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nne si kubwa kuliko mbili? Sasa kwa nini robo ni ndogo kuliko nusu?"

Lilikuwa swali zuri. Uchungu wake ni kwamba lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na Dada Robo alilijua jibu lake kama anavyojua njia ya kwao. Alifunga mdomo mpaka taya zikauma. Mkufunzi alishika penseli bila kupumua.

Ni Mkurugenzi aliyeinuka. "Mnaona?" alisema. "Hivi ndivyo wanavyoharibu masomo. Lete chaki, mwalimu mtarajiwa, nikuonyeshe swali linavyomalizwa kitaalamu." Alimgeukia msichana. "Umesema nne ni kubwa kuliko mbili?"

"Ndiyo, mzee."

"Umesema kweli. Basi na robo ni kubwa kuliko nusu. Nani amekudanganya kwamba ni ndogo?"

"Mwalimu."

"Mwalimu bado yuko mafunzoni." Aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa: ROBO INAIZIDI NUSU. Akapigia mstari. "Swali limekwisha."

Karani aliandika. Mkufunzi alikohoa kidogo, akaona kikohozi nacho kitaandikwa, akaacha. Mkurugenzi aliagana na viti akaondoka kwenda kukagua shule nyingine.

Zilibaki dakika sita. Dirishani viwiko vilikuwa bado vipo, na baadhi ya watoto walikuwa wananakili maneno ya ubaoni kwenye madaftari yao. Msichana wa pengo hakunakili. Alikuwa anamtazama Dada Robo kwa mashaka, na mashaka yale ndiyo yaliyommaliza. Angeweza kuvumilia kufutwa chuoni. Hakuweza kuvumilia mtoto aliyekuwa sahihi aende nyumbani akijua kwamba amekosea.

Alichana karatasi kutoka kwenye andalio lake la somo, akaenda dirishani.

"Huu mkate," alisema, akiikunja katikati. "Mko wawili, kila mmoja anapata hiki. Sasa wamekuja wageni wawili, mko wanne. Kipande chako kimekuwaje?"

"Kimepungua!"

"Basi kadiri wa kugawana wanavyoongezeka..."

"Mwalimu, na tukiwa wanane?"

Alijibu: thumni, moja ya nane. Na kumi? Alijibu. Na darasa zima? Walijibu pamoja, na kelele ikafika ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye alifunga mlango wake taratibu ili asisikie jambo lisilo na waraka. Yalikuwa majibu saba. Kengele ilipolia, mkufunzi alimwonyesha fomu: thelathini na moja. Alikuwa ameichora kwa penseli hafifu sana, kama mtu anayeomba msamaha.

Dada Robo alirudi nyumbani akalia waziwazi, na mama yake akaacha suruali ya mteja ikaanguka chini akamkumbatia.

Lakini tamko ni tamko. Siku kumi baadaye Idara ilikaa kulitekeleza. Naibu Mkurugenzi, mtu mwenye bidii na aliyeipenda sana kazi ya bosi wake, alitoa hoja kwamba ubora wa walimu umeshuka, hivyo alama ya kufaulu iongezwe ukali: itoke nusu, ipandishwe hadi robo. Hoja ikapita kwa kauli moja, ikatajwa kuwa mageuzi makubwa kuliko yote tangu Idara iundwe. Mwanachuo mwenye thelathini na moja akawa amevuka kiwango kipya, kigumu, na kubaki na ziada.

Alikwenda Idarani kuchukua cheti, akiwa na hofu kwamba wataamka usingizini kabla hajafika. Karani alimwelekeza ghorofa ya tatu. Zamani Mkurugenzi alikuwa na nusu ya ghorofa hiyo, yenye makochi na meza ya vikao. Sasa Dada Robo alikuta ukuta mpya wa mbao, na nyuma yake Mkurugenzi, akisaini vyeti huku viwiko vimebanwa mbavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia. Pita kwa ubavu." Alichungulia mlangoni, kisha akashusha sauti. "Wamenipandisha kutoka nusu hadi robo. Kwa kunienzi. Naibu ameiunganisha iliyobaki na robo yake ikawa nusu, anasema anajitolea kubeba sehemu ndogo."

"Si uwaambie tu kwamba ulikosea?"

"Mkurugenzi hakosei. Tamko linafutwa na kikao cha watu tisa, na kanuni zinataka kikao hicho kikae ofisini kwa Mkurugenzi." Wote wawili walitazama ofisi. Hata wao walikuwa wamekaa kwa zamu. "Kanuni hizo niliziandika mimi," akaongeza.

"Pole, mzee. Lakini sasa umeelewa kwamba robo ni ndogo?"

"Mwalimu, nilielewa siku ile ile ya kuhamia. Kabati lilipogoma kuingia."

Alipiga mhuri cheti, akampa kwa mikono miwili. Mlango ukagongwa. Akaingia fundi seremala na futi ya kupimia, na nyuma yake karani mwenye barua na tabasamu.

"Hongera, mheshimiwa," alisema karani. "Idara imeona huduma yako haijatambuliwa vya kutosha. Kuanzia leo umepandishwa hadi thumni."

Fundi alishaanza kupima. "Samahani, mzee," alisema, "hiyo miguu utaikunja, au nikate meza?"