Magodoro Matatu Yaliyoshindwa na Mbwa Mmoja

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Safari,
ambaye pia ni shemeji yangu.

YAH: UIMARA WA MAGODORO YA KUBEBA MGONGONI

Shemeji Meneja,

Salamu zitakuja mwishoni, kama tutafika huko tukiwa bado tunasalimiana. Leo nakuandikia kama mteja. Ushemeji nimeuvua mlangoni pamoja na viatu. Ningeweza kuja mwenyewe, maana kutoka kwenye cherehani yangu hadi dukani kwako ni kuvuka barabara tu, lakini kila nikija unanipa kiti na maji baridi, na mtu aliyepewa kiti hawezi kugomba vizuri.

Historia unaijua, ila naiandika kwa ajili ya faili. Mwaka jana daktari alimwambia kaka yako, yaani mume wangu, kwamba presha haishuki kwa kukaa kwenye kochi. Atembee. Kaka yako, kama unavyokumbuka, ameendesha lifti miaka ishirini na sita. Amepandisha watu ghorofani maisha yake yote bila yeye mwenyewe kukanyaga ngazi. Alikubali kutembea kwa sharti moja: mbwa naye aje. Huyo ni Mkaguzi, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna mfuko unaoingia nyumbani bila yeye kuupekua.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi tunabeba mabegi, tunapanda vilima, tunalala kwenye hema siku mbili, tunarudi. Kaka yako amepungua tumbo. Siku hizi anapiga mluzi akinyoa ndevu. Sitaki jambo hili life. Lakini mgongo wangu ni mgongo wa fundi cherehani, umeinama miaka mingi. Nisipolala vizuri sitembei. Nisipotembea mimi, yeye hatembei. Asipotembea yeye, unajua daktari alisema nini, ulikuwepo. Kwa hiyo ukiona nakuandikia habari za godoro, usidhani ni habari za godoro.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Godoro la kwanza, la kujaza upepo. Ulilipiga kofi kwa kiganja ukasema, "Shemeji, hili hata tembo akilikalia halitoboki." Sina ugomvi na tembo. Tembo hatukumpeleka. Tulimpeleka Mkaguzi, ambaye kabla ya kulala huzunguka mara tatu, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha ufunguo, na katika kila mzunguko hutumia makucha yake yote kumi na manane. Nikasikia "fyuuu" ya unyonge chini ya bega. Kulipokucha godoro lilikuwa bapa kama bahasha, na kokoto zilikuwa zimenichora mgongoni ramani ya kilima kizima. Nilipolirudisha ulinipa gundi na viraka. Shemeji, unampa fundi cherehani viraka! Nilibandika kumi na kimoja, vya mviringo, kingo zimelala sawasawa, na leo godoro lile lina viraka vingi kuliko upepo.

2. Godoro la pili, lile zito. Kitambaa chake nakipongeza. Nilikipima kwa vidole: uzi mnene, umesokotwa vizuri, na makucha yaliteleza juu yake kama kwenye kigae. Hata dua nilianza kukuombea. Lakini nyinyi mliolitengeneza na kuliuza mlilinda godoro zima mkasahau kizibo cha upepo. Mkaguzi alikiona kimechomoza pembeni, akadhani ameletewa zawadi. Alikitafuna mchana kweupe, sisi tukiwa tunachochea jiko, huku akitutazama usoni bila haya. Nikapiga kelele. Kaka yako akasema, "Mwache, labda meno yanamwasha." Mbwa ana miaka saba.

3. Godoro la tatu, la sponji ngumu, lile la kukunja. Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu sina kasoro ya kulitaja. Halina upepo wa kutoka, halina kizibo cha kutafunwa, halitoboki, halichaniki, halinywi maji. Tatizo ni kwamba Mkaguzi amelipenda. Likikunjuliwa tu, analala katikati, amenyoosha miguu yote minne, mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Nikimsukuma anatoa pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyedhulumiwa urithi. Mimi nabaki na ukingo wa upana wa rula. Sasa nikuulize kama mfanyabiashara: yale mabovu mawili nilikuwa nayalalia, hili zima nalisogelea tu. Uimara wa kitu ambacho hukipati unamfaa nani?

4. Nilipokueleza hayo, ulinishauri kwa sauti ya mtu aliyesomea, "Basi mnunulieni mbwa la kwake." Tukachukua lile dogo la bluu. Mkaguzi alilinusa pembe zote nne, akaenda zake kulala kwenye langu. Kaka yako akalilalia lile la bluu. Miguu yake inatokeza kuanzia magotini, lakini anasema hapo angalau hakuna anayemsukuma.

5. Nilimwambia kaka yako achague, mimi au mbwa. Akaomba apewe muda.

Kutokana na hayo, naomba duka lako lichukue hatua zifuatazo, nami nimejitahidi kuwa mtu wa kiasi.

Kwanza, neno "imara" lifutwe kwenye lebo zote, au lifuatiwe na maneno "isipokuwa mbele ya mbwa". Pili, kabla ya kuuzwa, kila godoro ulijaribu wewe binafsi, hapo hapo dukani mbele ya wateja: upige magoti, usimame kwa miguu na mikono, uzunguke mara tatu, kisha ujibwage. Kucha usizikate mwezi mzima, ili jaribio liwe la haki. Kama unaona aibu, basi uajiri mbwa wa kudumu, mwenye likizo na kiti chake kwenye kikao cha Jumatatu, na asiposhuka kwenye godoro saa ya kufunga duka, ujue umepata bidhaa nzuri na umepata pia shida yangu.

Tatu, Mkaguzi aandikiwe mkataba. Ueleze kwamba sehemu yake ni theluthi moja ya godoro, upande wa miguuni, na kwamba kuhema kwa masikitiko hakuhesabiki kuwa pingamizi. Atie alama ya unyayo. Wewe na mama mkwe muwe mashahidi.

Nne, akikataa kutia unyayo, au akiutafuna mkataba, basi wewe, kwa kuwa ndiye uliyeuza, ufuatane nasi mwisho wa mwezi huu ulale katikati, kati yangu na yeye, uwe mpaka. Blanketi uje nalo.

Nasubiri majibu ndani ya siku saba. Yasipofika, suala nitalipeleka kwa mama mkwe, ambaye unajua hana tabia ya kusikiliza pande mbili kabla ya kutoa hukumu.

Sasa salamu. Msalimie mkeo, umwambie gauni lake limebaki pindo tu. Wasalimie watoto. Msalimie na yule dada wa kaunta, aliyenisikiliza mara tatu zote bila kucheka hadi nilipotoka.

Wako katika biashara, na katika ukoo pia tukipatana,

Mke wa kaka yako,
Fundi cherehani.

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nne bila kutumwa. Jumatatu Mkaguzi alikanyaga kipande cha chupa, na daktari wa mifugo akasema abaki kwake siku mbili. Kaka yako akaniambia, "Haya sasa, pata nafasi yako." Nikatandika godoro la tatu sebuleni, nikajinyoosha ukingo hadi ukingo kama malkia. Nikageuka kulia, hakuna kitu. Nikageuka kushoto, hakuna kitu. Sikupata hata lepe la usingizi, na mgongo, ambao sasa nikihesabu naona haujaniuma tangu mbwa yule aanze kuuegemea, uliniuma mpaka nikauegemeza ukutani. Siku ya pili ikawa vilevile. Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua, na kaka yako alikuwa nyuma yangu amevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Mkaguzi ametoka na bendeji. Alizunguka mara tatu akichechemea, akajibwaga katikati, nami nikalala hadi jua likanikuta.

Kwa hiyo maombi yote ya hapo juu yafute. Nitafutie tu godoro la aina ile ile, la watatu, maana kaka yako anasema la bluu limemchosha na anataka kurudi. Liwe pana, shemeji. Lakini lisiwe pana sana.