Nilikwenda Kupiga Theluji, Nikarudi na Paspoti

Leo nimeaibika mbele ya akina mama kumi na nne, dereva mmoja na Mlima Kilimanjaro. Naandika nikiwa chumbani na mlango nimeufunga. Sebuleni bado wanacheka. (Mmoja wao ni mke wangu.)

Kwa wasionifahamu, mimi ni Baba Eliya, napiga picha za paspoti hapa Babati mjini. Nina kibanda, stuli, pazia jeupe, na kamera moja ambayo skrini yake ya nyuma ilikufa zamani. Picha naziona nikishachomeka kadi kwenye kompyuta. Haijawahi kunisumbua. Mteja anakaa, masikio yaonekane, kidevu juu kidogo, usicheke, tayari. Miaka tisa nafanya hivyo. Kile kigurudumu cha kurekebisha mwanga nimekibandika plasta kisigeuke, maana nilishapata kipimo changu, kile kinachofanya pazia litoke jeupe pee bila mkunjo hata mmoja.

Ikumbukeni hiyo plasta. Mimi niliisahau.

Halafu mimi si mtu wa safari. Nakaa Nangara. Nikienda Singe, hapa hapa Babati, naaga majirani.

Sasa, kwaya ya akina mama ya kanisani kwetu ina wimbo mpya, unahusu dhambi kuwa nyeupe kama theluji. Wakaamua kwamba picha ya kalenda yao ya mwakani ipigwe wakiwa na theluji yenyewe nyuma yao. Nusu ya kwaya ilimtaka kijana mmoja wa Nakwa mwenye kamera inayoruka angani. Ndipo mke wangu aliposimama kwenye kikao akasema kijana wa nini na mume wake yupo. Akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba nikishindwa kuwaweka wao na theluji kwenye picha moja, yeye atatoka mstari wa mbele akaimbe nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mama Eliya ameupigania huo mstari wa mbele miaka sita. Mimi habari za kikao nilizisikia jioni, nikiwa nakula.

Leo saa kumi alfajiri tukakusanyika kanisani. Suruali yangu ya kaki mke wangu alikuwa ameipiga pasi mpaka ule mstari ungeweza kukata nyanya. Juu nilivaa sweta mbili na kofia ya sufu, chini gambuti na soksi jozi mbili. (Nilikuwa naenda kwenye theluji. Nyinyi mngevaaje?) Akina mama walikuwa na vitenge na ndala, majoho ya kwaya wameyakunja kwenye mfuko. Nikajua leo watu wataganda.

Mama Eliya akapekua begi langu.

"Pazia la nini?"

"Tahadhari."

"Tahadhari ya nini, na mlima upo?"

Nimebeba pazia hilo kila siku kwa miaka tisa, mkono ulilichukua wenyewe.

Dereva wa kosta, Hamisi, alinitazama kuanzia kofia hadi gambuti, akauliza kama nakwenda kupiga picha au kupanda. Nikamuuliza theluji inaanzia wapi. Akasema inaanzia juu. Akawasha gari.

Minjingu niliuliza kama tumefika. Makuyuni sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimeziba mdomo kwa kofia nisitapike. Nilishushwa mara mbili. Mara ya pili, nikiwa nimeinama kando ya lami, akina mama waliniimbia wimbo wa wasafiri kupitia madirishani, sauti zote nne. Mama Eliya ndiye aliyeuanzisha.

Tulipoipita Arusha kukawa kumepambazuka vizuri, na dirishani kwangu, upande wa kushoto, nikaona mlima. Mkubwa, umesimama peke yake, haujifichi. Nikapiga kelele Hamisi asimamishe gari. Akasimamisha. Akina mama wakashuka, wakavaa majoho, wakajipanga, wakashauriana nani asimame wapi. Mama Happy peke yake ndiye aliyebaki ndani ya gari akimenya chungwa. Huyu ni mwenyekiti wa kwaya, mzaliwa wa Machame, chini ya Kilimanjaro kwenyewe, amekaa Babati miaka mingi na duka lake la vyombo. Alimaliza chungwa taratibu, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Baba Eliya, huo ni Meru."

"Najua, Mama."

"Theluji iko wapi?"

"Haijatoka."

(Kana kwamba theluji ni mikate.)

Wakavua majoho, wakapanda gari. Nusu saa imekwenda. Mama Eliya alihamia siti ya mbele.

Boma Ng'ombe tulikuta jua. Jamani, lile jua. Watu wamevaa singlendi, wengine wanajipepea na magazeti, mimi nashuka na kofia ya sufu kama niliyetoroka mahali. Mama mmoja muuza ndizi akanipa pole na kuniuliza homa imeanza lini. Sweta nilizivua nikazifunga kiunoni. Gambuti hazikuwa na mbadala. Bado sielewi. Mlima wenye barafu uko pale pale, halafu chini yake mtu anatoka jasho mpaka kwenye kucha.

Hamisi akapanda na barabara ya Sanya Juu hadi kwenye shamba moja lililokwisha kuvunwa, akazima gari. Mlima hakuna. Kuna wingu tu, limekaa. Mama Happy akasema umefunga. Nikamuuliza unafunguliwa saa ngapi. Akanijibu kwamba huo si ofisi ya kata.

Tukangoja mpaka alasiri. Akina mama wakanywa chai ya chupa. Mimi nikatazama pale Mama Happy aliponyooshea kidole, nikatazama, nikatazama, mpaka Mama Eliya akanishika kichwa kwa mikono miwili akakiinua.

Kumbe nilikuwa naangalia chini mno. Theluji ilikuwa juu, mahali nilipodhani mbingu imeshaanza. Nyeupe, pana, inang'aa, na wingu linateremka kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Mama Happy alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Minjingu nikajisikia vizuri.

Kisha nikaanza kazi. Hapo ndipo penyewe.

Wakavaa majoho tena, nikawapanga, mlima nyuma yao. Jua likawapiga usoni wakakunja macho. Mimi siwezi kupiga mtu aliyekunja macho, picha itakataliwa. (Na nani? Hata sijui. Inakataliwa tu.) Nikawahamisha chini ya mti mkubwa uliokuwa ukingoni mwa shamba, kwenye kivuli kizuri, mlima bado nyuma yao unaonekana wote. Kwanza kila mmoja akataka ya peke yake na mlima wake, ya kuweka sebuleni. Nikapiga moja moja.

"Masikio yaonekane," nikasema.

"Mwanangu, tumevaa vilemba," Mama Happy akasema.

"Vivuteni nyuma kidogo. Kidevu juu. Msicheke."

"Tusicheke kwa nini, na tumefurahi?"

Nikamwambia ndiyo utaratibu. Wakavuta vilemba, wakanuna. Akina mama kumi na nne, wamesafiri tangu alfajiri kwa furaha, wamesimama mbele ya theluji wamenuna kwa ajili yangu.

Nilipopiga goti kwa ile ya mwisho, ya pamoja, nilipiga goti juu ya siafu. Sitaeleza sana. Wameingia kwenye gambuti, na gambuti ikishaingia siafu haitoki haraka. Niliinama nikaruka, nikajipiga mapaja, nikaruka tena, akina mama wakavunjika mbavu. Nikawakaripia kwamba wanaharibu sura. Wakajikaza, nikapiga. Wingu likarudi, mlima ukafunga.

Nilirudi garini mshindi. Mama Eliya akarudi kukaa karibu nami, akanipa yai la kuchemsha alilokuwa amelificha kwenye pochi. Mliooa mnaelewa.

Tulipoiacha Makuyuni tukirudi, mtu akataka kuona picha. Nikasema mpaka kompyuta, kesho. Hamisi akasema kwenye ile skrini ya gari, inayoning'inia juu ya kichwa chake, kuna mahali pa kuchomeka kadi. Angeendesha tu, leo nisingekuwa nimejifungia. Nikampa kadi kwa mkono wangu.

Zikaanza za kazini, maana sikuwa nimezifuta. Mwanafunzi. Mwanafunzi mwingine. Fundi cherehani wa Singe, amefumba macho, gari zima likacheka. Mzee mmoja amenuna. Dada wa saluni amenuna. Wote wameegemea weupe mtupu. Tukawa tunasubiri zifike za safari.

Akatokea Mama Happy. Amenuna, masikio nje, nyuma yake weupe mtupu.

Mmoja akamuuliza lini alikwenda kupiga paspoti.

"Sijaenda," akasema Mama Happy. "Na mbona nimevaa joho?"

Akatokea mwingine. Weupe. Mwingine. Weupe. Kelele zikaanza kupungua siti kwa siti kutoka mbele kwenda nyuma, kila mmoja alipojiona. Mimi nilikuwa bado nasubiri za safari zianze. Nawaapia. Ubongo ulikataa. Ilipofika ya pamoja, akina mama kumi na nne wakaning'inia hewani, hakuna shamba, hakuna mbingu, na sauti kutoka nyuma ikasema tunaonekana tumeshafika peponi na hatujafurahia.

"Baba Eliya," akasema Mama Happy. "Mlima uko wapi?"

"Uko nyuma yako, Mama."

"Nyuma yangu naona karatasi."

Nikamwambia Hamisi apunguze mwanga wa skrini. Akapunguza. Akina mama wakawa weusi ti, mlima haukuja. Nikasema labda kadi. Nikasema labda umbali, mlima uko mbali sana. Nikaichukua kamera niikague, na kidole gumba kikagusa plasta.

Basi. Kivuli, masikio, usicheke, na kile kipimo cha kumeza pazia lisibaki hata mkunjo. Kimemeza Kilimanjaro.

Niligeuka kumtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia nje. Mstari wa mbele, miaka sita. Kwa mbali nikamsikia mama mmoja wa sauti ya pili akiuliza, kwa upole kabisa, kama karibu na mlango huwa kuna upepo.

Nikamwambia Mama Eliya samahani. Ningemwambia nini kingine? Nilikuwa na pazia begini na mlima sina.

Ndipo Hamisi, macho barabarani, aliposema kwamba yeye alipiga moja kwa simu akiwa amesimama nyuma yangu, ya kumwonyesha mke wake. Akasimamisha gari pembeni, akaitafuta, akampa Mama Happy. Simu ikapita mkono kwa mkono, na kila ilipofika kikalipuka kicheko. Mimi ilinifikia mwisho.

Mlima upo, wote. Theluji unaweza kuihesabu mistari. Chini ya mti wapo akina mama kumi na nne, vilemba vimekwenda nyuma, wanacheka mpaka meno ya mwisho, na sijawahi kuona kwaya iliyofurahi namna ile. Na mbele yao, katikati kabisa, karibu na kamera kuliko mtu mwingine yeyote, kuna suruali ya kaki. Mwenyewe ameinama anapambana na siafu. Kichwa hakionekani.

"Hii ndiyo ya kalenda," akasema Mama Happy.

Nikasema vizuri, nitakwenda kujikata kwenye kompyuta, ni kazi ya dakika tano. Akaitazama tena. Akasema haiwezekani, kwa sababu Mama Eliya amesimama nyuma yangu hasa, nikikatwa mimi na yeye anaondoka. Akamgeukia.

"Mama Eliya, uliahidi mumeo atatuweka sisi na theluji kwenye picha moja. Ametuweka, na yeye mwenyewe akajiongeza. Mstari wa mbele ni wako. Tumkate, tusimkate?"

Mke wangu akaichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia muda mrefu, na gari zima likasubiri.

"Asikatwe," akasema. "Suruali imetoka vizuri. Niliipiga pasi mwenyewe."

Ni kalenda ya ukurasa mmoja, picha juu, miezi yote chini. Itatundikwa Nangara, Nakwa, Singe na nyumba zote za Babati zenye msumari ukutani, nami nitakuwa nimeinama tangu Januari hadi Desemba. Zile paspoti kumi na nne nazo wamezitaka, nne nne kila mmoja, wanasema hawajawahi kutoka masikio safi namna ile.

Ombi langu ni moja tu. Mkija kibandani, mniangalie usoni.