Kipima Kina cha Bwana Osmund

Ilitangazwa rasmi mjini Songea, mbele ya mahema mawili na ngoma ya lizombe, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi atakayezama katika Mto Ruvuma bila ofisi kuwa na taarifa.

Aliyetangaza ni Bwana Osmund, mkuu wa Ofisi ya Uokozi Majini, mtu ambaye tangu azaliwe hajaoga mahali pasipo na ndoo. Nyuma yake ilikaa boti ndogo isiyo na panga la kusukumia maji: injini yake hunyonya maji kwa chini na kuyatema kwa nyuma, nayo boti husonga mbele. Ilitengenezwa ipite hata kwenye maji haba. Ilikosa kipima kina tu, chombo cha kumwambia nahodha maji yamebaki kiasi gani chini yake. Bwana Osmund akaunda kamati.

Kamati ilianza kwa uadilifu. Ilipanda milima ya Matogoro kuukagua mto tangu chanzo chake, ikakuta maji yanalowesha soli za viatu tu. Wajumbe wakala kuku, wakaazimia kwamba kina cha mto bado hakijathibitika.

Mvua zikaja. Mto ukafura. Adela, muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja cha mtoni, akapiga simu.

"Shikamoo mkuu. Kuna mama amekwama ng'ambo, uchungu umemshika. Tunaomba boti."

"Marahaba. Boti haina kipima kina, binti. Tuvunje utaratibu?"

"Mtoto hajui utaratibu, mkuu."

"Basi mwelimisheni mama yake."

Mama akajifungulia ukingoni, chini ya turubai, mvua ikimpiga miguuni. Kwa rehema za Mungu wote wawili walipona. Ofisi ikalipongeza jambo hilo kikaoni kama tunda la subira.

Hatimaye vipima kina viwili vikaletwa mezani. Judica, mhandisi wa kamati, akashika kile kidogo.

"Hiki kinasoma vizuri maji haba. Na jicho lake la kupimia tulifunge pembeni. Likikaa nyuma kwenye mapovu ya injini, litasoma uongo."

"Kinafika mita ngapi?"

"Thelathini."

"Na kile?"

"Elfu moja. Ni cha meli za bahari kuu."

Bwana Osmund akasikia moyo unamjaa fahari. "Mtwara watasemaje wakisikia Songea ni watu wa mita thelathini? Tunachukua kile. Na jicho likae nyuma, katikati kabisa. Mali ya serikali haikai pembeni."

Uzinduzi ukafanyika kiangazi, mto ukiwa umenywea. Bwana Osmund akapanda, jaketi la kuokolea limembana kifua, Leonce nahodha akiwa kwenye usukani. Injini ikanguruma, mapovu yakachemka. Kioo cha kipima kina kikaandika: mita 212.

"Ongeza mwendo!"

"Mkuu, naona mchanga."

"Wewe unaona kwa macho. Chombo kinaona kisayansi."

Boti ikapanda fungu la mchanga, ikanyonya mchanga, ikakohoa, ikazima. Kioo kikaandika: mita 640.

Leonce akashuka. Maji yakamfika kifundoni. "Mkuu, shuka tu."

"Mita mia sita na arobaini! Una wazimu?"

"Si unaniona nimesimama?"

Bwana Osmund alimwona. Akahitimisha kwamba Leonce amesimama mahali pa bahati. Akaushika ukingo wa boti kwa mikono miwili, jasho likimtiririka, huku kina mama wenye mizigo ya muhogo kichwani wakimpita kulia na kushoto, wakimwamkia kwa adabu.

Jua likazidi kuwaka. Adela, aliyekuja na wanakijiji kutazama uzinduzi, akakunja gauni, akaingia mtoni hadi kwenye boti, akageuka akainama. "Panda mgongoni, mkuu."

Bwana Osmund akaufikiria wadhifa wake. Kisha akakifikiria kile kina. Akapanda, akafumba macho, akamkumbatia shingo.

Walipofika ukingoni vigelegele vikapasuka. Bibi mmoja akasogea, akauliza, "Wa kiume? Ana kilo ngapi?"

Adela akamshusha taratibu kwenye majani, akanyoosha mgongo.

"Mizani ya zahanati, bibi," akasema, "haifiki huko."